Kinanda Kilichonusurika Moto, Kikanyamazishwa na Vumbi

Jioni ya Aprili 15, 2019, paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris, liliteketea. Kinanda kikuu cha mabomba, kilichoko juu ya mlango wa magharibi, hakikuungua. Hata hivyo kilikaa kimya zaidi ya miaka mitano. Kwa nini?

Kinanda hicho ni kazi ya vizazi vingi. François Thierry alikijenga upya miaka ya 1730, François-Henri Clicquot akakiboresha, kisha Aristide Cavaillé-Coll akakisuka upya na kukikamilisha mwaka 1868. Kilivuka salama hata Mapinduzi ya Ufaransa. Kina mabomba karibu 8,000, na kila bomba ni kama filimbi: mpigaji akibonyeza, hewa huingia bombani na kutoa sauti moja tu. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi sauti nyembamba.

Paa lile lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi. Lilipoungua, vumbi lake lenye sumu lilitanda kanisani na kupenya kinandani. Mwaka 2020 mafundi walianza kukifungua, wakayashusha mabomba na kuyasafisha. Baada ya kuyarudisha, ilibaki kazi ya kuyapatanisha sauti, bomba moja moja, kwa miezi kadhaa.

Desemba 7, 2024, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda kiamke, mara nane, na kila mara kilijibu kwa muziki. Ibada hiyo inatukumbusha kuwa kinanda kimewekwa wakfu kwa ajili ya sala. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 120 (1963), unataka kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, na papo hapo unaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada. Kwa mlango huo ngoma na kayamba zetu zina nafasi yake.

Huku Gongo la Mboto tumezoea kinanda cha umeme. Hakina mabomba, lakini vumbi ni adui yake pia. Mseminari anayejifunza kukipiga ajifunze na kukifuta na kukifunika baada ya Misa. Nayo kwaya ikumbuke kwamba waamini walikinunua kwa sadaka zao, na watoto wa Komunyo ya Kwanza wa leo watakihitaji kesho.