"Nioshe": herufi sita kwenye boneti

Aliyeandika simjui hadi leo, ingawa namshuku mtoto mmoja wa jirani ambaye siku hizi ananiamkia kwa haraka mno na kutokomea. Ilikuwa Septemba, vumbi la Songea limekolea, na gari langu lilikuwa limekaa siku nne nje ya geti bila kuguswa. Jumamosi asubuhi nikakuta ujumbe kwenye boneti, umeandikwa kwa kidole, herufi kubwakubwa: NIOSHE. Nilicheka, nikatii. Ndoo ya maji, sabuni ya unga, tambara la fulana kuukuu. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu nijisifu. Jua lilikuwa linatokea upande wa Matogoro, likaliangukia boneti kwa ubavu, na herufi zote sita zikanitazama. Vumbi lilikuwa limekwenda na maji, maandishi yamebaki kwenye rangi.

Gari lenyewe si la kumringia mtu. Ni Toyota IST, mtumba wa Japani kama magari mengi ya mji huu, bluu iliyokoza. Mwenye gari jeupe au la fedha anaweza kuishi na mikwaruzo miaka kumi asiijue. Rangi iliyokoza haifichi kitu.

Nililipeleka kwa fundi rangi mmoja pale Majengo, kijana mwenye mikono ya vumbi la puti hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mzee. Umekwaruzwa na nani tena?"

"Marahaba. Na wanafunzi."

Alichovya kidole kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, akadondosha tone juu ya herufi N. Mkwaruzo ukatoweka. Tukasubiri kimya kama watu wanaongoja majibu ya maabara. Tone lilipokauka, mkwaruzo ukarudi. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba, kwa kukatisha, juu ya O. Ukucha haukukwama popote.

"Hii iko kwenye kliya tu. Nikikupigia rangi boneti zima kwa kitu hiki nitakuwa nimekuibia mchana kweupe. Kanunue rabingi, mzee, uitoe mwenyewe nyumbani. Siku ukucha ukikwama ndiyo uje."

Fundi anayefukuza kazi ni wa kusikilizwa.

Tone lile halikuwa kiini macho. Mkwaruzo mwembamba tunauona kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga badala ya kuurudisha sawasawa kama kioo. Maji yakijaza kijifereji hicho, mwanga unapita bila kujikwaa na jicho halioni kitu. Mkwaruzo ambao maji hayaufichi, au unaoonyesha weupe au kijivu ndani yake, umeshavuka kliya na kufika kwenye rangi au praima. Huo una habari zake, nitaufikia.

Gari la kisasa limevaa nguo kadhaa. Chini kuna bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kliya, koti lisilo na rangi ambalo kazi yake ni kung'aa na kulinda. Mtindo wa kutenganisha rangi na kliya ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo rangi na mng'ao vilikuwa kitu kimoja. Milimita moja ina mikroni 1,000. Nguo zote hizo kwa pamoja, kwenye gari lenye rangi ya kiwanda, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150. Kliya peke yake huwa kama 40 hadi 50. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo mtu anayejitibia mkwaruzo nyumbani anafanya kazi yake yote ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na hapo ndipo ninapotofautiana na wauza makopo wanaosema dawa yao "inafuta" mkwaruzo au "inaujaza".

Haifuti wala haijazi. Mtu wa Songea aliyewahi kupita barabara ya vumbi baada ya greda ataelewa mara moja. Greda halichukui udongo wa mbali kuja kuziba makorongo. Linakwangua vilima vya pembeni mpaka barabara yote inashuka usawa wa korongo. Rabingi ni greda. Ndani ya ule uji mzito mna chembe laini za kusagia, na unaposugua unapunguza kliya iliyo kandokando ya mkwaruzo mpaka kingo zake zinalainika na mwanga unaacha kujikwaa. Kliya iliyoondoka haikui tena kama kucha. Kila ukisugua unatoa kwenye akiba, na kliya ikiisha, rangi iliyo chini hupauka kwa jua kama yale magari yenye paa lililochubuka kama ngozi iliyoungua.

Kabla ya kununua chochote, jua gari lako limevaa nini. Kwenye Toyota za Japani kuna kibati kidogo ndani ya boneti kilichoandikwa C/TR na tarakimu za rangi. Nyeupe ya kawaida yenye namba 040 na nyeusi yenye namba 202 mara nyingi hazina kliya kabisa. Rangi yenyewe ndiyo koti la juu. Ukisugua, tambara litatoka na weupe au weusi, na wengi hushtuka wakidhani wameharibu gari. Hawajaharibu, ila wanatoa rangi yenyewe, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Na kama gari liliwahi kupigwa rangi mtaani, namba ya kibati haikuambii kitu. Chukua sumaku ndogo ya friji, izungushie kitambaa laini, ipitishe kwenye milango na fenda. Inapokataa kushika bati, chini yake kuna puti nene, na hapo unene wa rangi anaujua aliyepiga.

Jumapili baada ya misa nikajitega barazani. Kivuli ni sharti. Boneti la moto hukausha rabingi kabla haijafanya kazi, na ukiendelea kusugua kitu kikavu unaongeza mikwaruzo. Kwa hilo Songea ina bahati, asubuhi za huku, hasa Juni na Julai, bati lenyewe linakuwa la baridi hadi saa tatu. Kivuli cha mwembe nilikikataa kwa sababu ya utomvu na ndege.

Niliosha upya, safari hii kwa kumwaga maji mengi kwanza bila kugusa. Pembeni palikuwa na alama nyingine ya njano, kumbukumbu ya bajaji iliyonipunguzia upana sokoni. Nililowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, nikasugua taratibu, na njano yote ikabanduka: haikuwa mkwaruzo, ilikuwa rangi ya mwenzake iliyohamia kwangu. Nikaosha mafuta yote kwa sabuni. Thina ingeondoa haraka zaidi, pamoja na mambo mengine ambayo sikutaka yaondoke, hasa kwenye gari lililopigwa rangi ya mtaani.

Kingo za boneti nikazifunika kwa tepu ya karatasi, maana kwenye kona na mikunjo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine na mkono nao hugandamiza zaidi bila kujua. Kisha rabingi laini, tone la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye sponji yenye unyevu kidogo, eneo lisilozidi sahani ya chakula, herufi moja baada ya nyingine. Vidole viwili tu ndivyo vinasukuma. Mara ishirini huku, mara ishirini kule, futa kwa kitambaa laini kisicho na pindo wala lebo, washa tochi ya simu, tazama kwa ubavu. N ilikwenda kwa raundi mbili. I ilikuwa rahisi. Nilipofika S mkono ulikuwa umeshajua, na nilianza kuelewa kwa nini mafundi hupiga mluzi wakati wa kazi hii.

Msasa wa maji namba 2000 au 3000 upo, na fundi atautumia mkwaruzo ukiwa mkaidi, kisha afuate na rabingi hadi ukungu uondoke. Kwa mtu wa mara ya kwanza nasema hapana. Kliya ya mikroni 40 na msasa mkononi mwa mtu mwenye hamu ni kesi iliyokwisha amuliwa.

Jirani zangu walinipa tiba za bure. Dawa ya meno: hii ina ukweli, kwa kuwa nayo ina chembe za kusagia, na kwenye mchubuko hafifu sana husaidia kidogo, lakini imetengenezwa kwa ajili ya meno, na chembe zake hatujui ukubwa wake ukilinganisha na rabingi ambayo imepimwa kwa kazi ya rangi. Kiwi nyeusi kwenye gari jeusi: inaficha mpaka mvua ya kwanza. Mafuta ya nazi: ni lile tone la maji la fundi, ila linachelewa kukauka, na vumbi linalipenda.

Baada ya kusugua, mahali hapo panabaki uchi na panahitaji nta. Hapa nilijiuliza swali la kizalendo. Mkoa huu una misitu ya miombo na nyuki wake, asali ya Tunduru na Namtumbo inauzwa barabarani. Kwa nini nipake nta ya kopo? Jibu liko kwenye joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na boneti lililokosa kivuli mchana linaweza kuikaribia hali hiyo. Inakuwa laini, inanata, inakusanya vumbi. Nta inayosifiwa kwenye magari, karnauba, inatoka kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazili na huhimili hadi zaidi ya nyuzi 80. Nta ya nyuki wetu tuibakize kwenye mishumaa na viti.

Mikwaruzo ambayo rabingi haiwezi kitu ni ile ya kokoto. Tangu malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalipoanza kupita hapa kwa wingi kuelekea bandari ya Mtwara, anayeyafuata nyuma kwenye barabara ya Namtumbo anarudi na vidoa vidogo kwenye pua ya boneti, kila kimoja kimefika praima au bati. Hapo kusugua ni kupanua kidonda. Osha, kausha, na kama bati linaonekana, liwahi kabla ya mvua za Novemba na Desemba, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi bila kuonekana. Nenda kachanganyishiwe rangi kwa namba ya kibati, idondoshe kwa ncha ya kijiti cha meno, acha ikauke, rudia. Ukikwama safarini, hata rangi ya kucha isiyo na rangi itazuia maji kwa muda. Bampa halina shida hiyo, ni plastiki.

Lakini nikirudi kwenye herufi zangu, mtoto aliandika mara moja tu. Nilipomulika tochi juu ya boneti nilikuta kitu kibaya zaidi kuliko NIOSHE: mamia ya mistari midogo ya duara, imezunguka taa kama utando wa buibui, kutoka boneti hadi paa hadi mlango wa nyuma. Hiyo haikuwa kazi ya mtoto. Mchanga wetu una kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, ni ya 7. Inakwaruza hata kioo cha dirisha. Kila Jumamosi kwa miaka mitatu nimekuwa nikiichota kwa tambara la fulana, nikiirudisha kwenye ndoo ileile, na kuizungusha juu ya gari kwa bidii, huku nikiita jambo hilo usafi. Ndoo moja, maji yakiwa ya kahawia, msasa kamili.

Sasa ndoo ni mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na mpira wa maji hutangulia. Utando wa buibui nimeuacha. Kuusugua wote ingekuwa kulivua gari zima safu moja, na safu hiyo nitaihitaji.

Nilibakisha pia O. Raundi ya tatu ilikuwa imeifanya iwe hafifu, ya nne ingeimaliza, lakini pale iko karibu na mkunjo wa boneti na sikupenda joto nililolisikia chini ya vidole. Huonekana saa kumi jioni tu, jua likilala, kwa anayejua pa kutazama.

Wiki iliyopita nilikuta ujumbe mpya kwenye kioo cha nyuma. Nilivuta mpira wa maji kwanza, tambara baadaye.