Setilaiti Haioni Mzigo wa Kuni

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo gari hupanda karibu mita 1,000. Chini ni joto la uwanda wa Mkomazi na mashamba ya mkonge. Juu ni kabichi, karoti na viazi mviringo vinavyosubiri kupakiwa kwenye fuso za Kariakoo, na ikifika Juni na Julai watu hawatoki bila koti. Mtu wa Soni hahitaji kuambiwa kwamba katika milima ya Usambara kilomita tano tu zinaweza kubadili hali ya hewa, mazao na wingi wa kuni zinazoingia jikoni.

Wataalamu wa takwimu ndio wanaohitaji kuambiwa. Tangu 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, imekuwa ikifuatilia sampuli ya kaya nchi nzima katika utafiti unaorudiwa kila baada ya miaka michache. Data zake ni huria: mtu yeyote anajisajili, anazipakua bila malipo, anafanya uchambuzi wake. Ili kulinda siri za waliohojiwa, sehemu walizohojiwa husogezwa kwenye ramani kwa bahati nasibu, hadi kilomita tano kwa maeneo ya vijijini. Utaratibu huo ni wa busara na haki. Ila Tabora, kilomita tano ni tambarare ileile na miombo ileile, wakati Usambara zinatosha kumtoa mtu kwenye baridi ya msitu wa Magamba na kumweka kwenye vumbi la tambarare. Mchambuzi aliyeko mbali, akiioanisha ramani hiyo na picha za misitu, anaweza kuandika kwamba kaya hii inaishi palipo na miti michache kumbe mlango wake unatazamana na msitu.

Mfano huo mdogo unabeba hoja kubwa zaidi. Kila mkusanyiko wa data una mpaka, yaani mahali ambapo aliyehesabu aliamua kuishia, na mara nyingi mpaka huo ndio unaoamua nani ataonekana.

Usambara haijanyimwa wahesabuji. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakakusanya mimea na kupima mvua. Waingereza walipochukua nchi waliendelea. Huko Mlalo, kuanzia miaka ya 1940, walipima mmomonyoko wa udongo na kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta, mpango ulioleta upinzani mkali hadi ukaachwa. Kisha ikaja misaada. Katika miaka ya 1970 na 1980, Usambara Mashariki, Ufini iligharimia ukataji wa magogo kwa mashine, na hesabu iliyotakiwa wakati huo ilikuwa ya mbao: aina gani, ngapi, zitavunwa wapi. Wanasayansi walipopiga kelele, ukataji ule ukasimamishwa, na Ufini hiyohiyo ikagharimia hesabu nyingine katika msitu uleule, safari hii ya uhai uliomo: vyura, ndege, miti isiyopatikana kwingine duniani. Kati ya hesabu hizo mbili swali lilibadilika, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa.

Leo mhesabuji mkubwa yuko angani. Mwaka 2008 Marekani ilifungulia dunia hazina yote ya picha za setilaiti za Landsat bila malipo, na mwaka 2013 Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland pamoja na wenzake walitoa ramani ya misitu ya dunia iliyotokana na picha hizo, kipande kwa kipande cha mita 30 kwa 30. Ramani hiyo ndiyo iliyo ndani ya tovuti ya Global Forest Watch. Mwanafunzi mwenye simu yenye bando anaweza kuifungua, akaisogeza hadi Lushoto na kuona mwaka gani kipande gani kilipoteza miti. Miaka ishirini iliyopita kazi hiyo ingehitaji wizara nzima.

Lakini aitazame kwa macho ya mwenyeji. Kwa ramani hiyo mti ni mmea wowote wenye urefu unaozidi mita tano, uwe umeota wenyewe au umepandwa. Shamba la miti la Shume lina paini na saiprasi zilizopandwa ili zivunwe. Zikivunwa, ramani inaandika upotevu, ingawa kesho yake miche inarudishwa. Upande wa Amani na Derema ilitokea kinyume chake. Wakulima walipanda iliki chini ya miti mikubwa, wakafyeka miche michanga na vichaka huku wakiacha paa la msitu likiwa zima. Kutoka juu kulionekana kijani kitupu, na chini msitu ulikuwa hauzai tena. Mambo hayo ameyajua anayetembea kwa miguu kabla ya mwenye picha.

Ndipo linapokuja suala la nishati.

Mkoa wa Tanga, ilimo milima hii, unatajwa sana katika takwimu za mafuta duniani kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, linalojulikana kama EACOP. Agosti 2017 Marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka jiwe lake la msingi Chongoleani, jijini Tanga. Vipimo vyake vinapatikana kwa wingi: urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,147 kati ya hizo zikiwa Tanzania, bomba lenye upana wa inchi 24, linalopashwa moto kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa, hisa za TotalEnergies asilimia 62, Uganda asilimia 15 kupitia kampuni yake ya taifa, Tanzania asilimia 15 kupitia kampuni yake, TPDC, na CNOOC ya China asilimia 8. Njia yake inapita kusini mwa milima hii, Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliwekwa hadharani, na kwa mradi wa mafuta Afrika hiyo ni hatua ya kupongezwa.

Kuwekwa hadharani kukazaa mjadala. Oktoba 2022 taasisi ya Marekani iitwayo Climate Accountability Institute ilichukua viwango vilivyochapishwa na mradi wenyewe, ikaongeza usafirishaji baharini, usafishaji na uchomaji wa mafuta yenyewe, ikapata tani milioni 379 za hewa ukaa kwa miaka 25. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, ujenzi na uendeshaji wa bomba, yaani kile ambacho tathmini ya mradi ilikihesabu, ni chini ya asilimia 2 ya jumla. Wanaoutetea mradi husema mchomaji ndiye mwenye kubeba hesabu ya moshi wake, siyo msafirishaji. Msomaji anaweza kuchagua upande. Muhimu ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya mpaka uwekwe wapi, na zinaweza kubishana kwa sababu tarakimu ziko mezani.

Kwa kuni hakuna ubishi wa namna hiyo, maana tarakimu zenyewe ni chache. Utafiti wa upatikanaji na matumizi ya nishati wa 2019/20, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Wakala wa Nishati Vijijini, ulikuta kuni ndizo nishati kuu ya kupikia kwa asilimia 63.5 ya kaya za Tanzania Bara, mkaa ukifuata kwa asilimia 26.2. Tathmini ya misitu ya taifa, NAFORMA, iliyofanyika kati ya 2009 na 2014, ilikadiria kwamba nchi inatumia mita za ujazo milioni 62.3 za miti kwa mwaka wakati inayoweza kuvunwa bila kuumiza misitu ni milioni 42.8. Pengo ni milioni 19.5, na sehemu kubwa ya matumizi hayo huishia jikoni.

Bomba la kilomita 1,443 linafuatiliwa na wachambuzi wa Paris, London na Kampala. Mzigo wa kuni unaoshuka kila alasiri kutoka pembezoni mwa Magamba juu ya kichwa cha mwanamke haumo kwenye ramani yoyote. Setilaiti haiwezi kuuona: tawi kavu likiokotwa, kijani hakipungui. Na kuni nyingi za Lushoto hazitoki msituni hata kidogo. Zinatoka kwenye migrevilea iliyopandwa kingoni mwa mashamba, kazi iliyosukumwa sana na mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP katika miaka ya 1980 na 1990, na kwenye miwati na mikaratusi ya watu binafsi. Mkulima anapogoa, anapika, mti unachipua. Kwenye jedwali la ukataji wa miti huyo hayupo, na pengine ndiye anayeusaidia zaidi msitu wa hifadhi kubaki ulivyo.

Namna ya kumwona ni moja tu, kubisha hodi. Lushoto, watafiti waliwahi kubisha. Programu ya utafiti wa tabianchi na kilimo ya CGIAR, mtandao wa kimataifa wa utafiti wa kilimo, iliyoitwa CCAFS, iliichagua wilaya hii kuwa moja ya maeneo yake ya Afrika Mashariki, ikahoji kaya 140 katika vijiji saba, na ripoti ikatoka mwishoni mwa 2011. Dodoso lilitaka kujua kaya inapata nini shambani mwake na nini nje ya shamba, kuni na mkaa zikiwemo kwenye orodha; nani hasa hufanya kazi hiyo, mwanaume, mwanamke au mtoto; na kama nyumbani kuna jiko banifu au sola. Data ghafi, majina yakiwa yameondolewa, zimewekwa kwenye ghala la Harvard, na kuzipakua ni bure.

Ila dodoso na maelezo yake ni ya Kiingereza, jedwali limejaa vifupisho, na ghala liko Marekani. Diwani wa Gare au Mlalo anaruhusiwa kuzifungua kama profesa wa Boston, lakini ruhusa bila lugha anayoielewa haimfikishi mbali. Uhuria wa data una ngazi zake, na sheria ni ngazi ya kwanza tu.

Hata kwenye sheria safari imekuwa ya kupanda na kushuka. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2015 inayotaka hata mikataba iwekwe wazi. Ilijiunga na ubia wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka uliofuata kifungu hicho kikalegezwa. Mtafiti wa kijijini anayekumbuka miaka hiyo bado huuliza mara mbili kabla ya kubandika jedwali lake ukutani.

Sasa kuna sababu mpya ya kuhesabu kuni vizuri. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu wengi zimekwishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Huenda maendeleo kwa kaya yakapimwa kwa swali lilelile la sensa na tafiti: nishati yako kuu ya kupikia ni ipi? Jibu ni moja. Mama wa Lushoto anayechemshia chai kwenye mtungi wa gesi asubuhi na kubandika maharage kwenye mafiga jioni atajibu gesi au atajibu kuni, na kwa vyovyote nusu ya jiko lake itapotea. Akisema gesi, taifa limesogea hatua moja kwenye lengo, na mzigo wake wa kuni uko palepale.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu na halmashauri za Lushoto na Bumbuli zina uwezo wa kurekebisha hilo kwa maswali matatu tu katika dodoso lijalo: kaya inatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki, inaitoa wapi, na nani anaibeba. Majibu yatolewe kata kwa kata, kwa Kiswahili, na yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kabla ya kupelekwa kwenye tovuti yoyote. Bila hivyo 2034 itafika, asilimia 80 itatangazwa, na hakuna atakayeweza kuonyesha kama Usambara kuni zimepungua.