Malisho Haya ni ya Nani?

Miongoni mwa picha ambazo wanafunzi wa sanaa hufundishwa kuzistahi ni zile za Ulaya za karne ya 18: vilima vya kijani, kondoo wametulia, mchungaji kajinyosha chini ya mti na filimbi mkononi. François Boucher wa Ufaransa alizichora. Thomas Gainsborough wa Uingereza kadhalika. Ni picha nzuri, wala sisemi ziondolewe madarasani. Ninachodai ni kwamba mwalimu asiishie kwenye rangi na mwanga. Na aulize pia: malisho haya ni ya nani?

Swali hilo lina uzito. Enzi za Gainsborough (1727–1788), bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria baada ya sheria za kuzungushia ua ardhi zilizotumiwa kwa pamoja, na wanyonge wengi wakapoteza machunga yao. Pichani mlikuwa shwari, vijijini hamkuwa.

Sisi wa Kitale na Bungoma hatuhitaji kuelezwa sana. Trans Nzoia, inayosifika leo kwa mahindi, ilikuwa machunga ya Wasabaoti kabla ya walowezi kugawiwa mashamba. Madai ya wenyeji yalifikishwa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa mwaka 1932. Atakayechora mandhari ya Kitale bila kuijua habari hiyo atachora nusu ya ukweli.

Tena, picha za mifugo hatukuletewa na meli. Huko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, kaunti jirani ya Busia, mna ng'ombe waliochorwa mwambani na watu wa kale. Mahali hapo palitangazwa turathi ya taifa mwaka 2004. Matokeo ya uchimbaji yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kunde zilikuwapo pale yapata miaka 2,300 iliyopita. Mfugo na mmea, basi, vina historia ndefu katika nchi hii.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi Kakapel, kisha Makumbusho ya Kitale, yaliyochipuka kutokana na mkusanyo wa mlowezi Stoneham wa mwaka 1926. Wakirejea darasani, wafungueni tena ukurasa wa Boucher. Watamwona mchungaji yule kwa macho mapya. Nanyi wanafunzi, michoro ya mwambani itazameni bila kuigusa: imestahimili mvua na jua kwa karne nyingi, lakini haiwezi kustahimili kisu cha mtu mmoja anayetaka kuandika jina lake.