Kisu kipya, makali ya siku tatu: kwa nini visu vingi huwavunja moyo wanunuzi

Ni vichache vyombo vya jikoni ambavyo hununuliwa kwa macho na kuhukumiwa kwa mkono kama kisu. Dukani kinang'aa, kimelazwa ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, na jina la nchi ya mbali limechongwa kwenye bapa lake. Baada ya majuma mawili nyanya inapondeka badala ya kukatika, mpishi analazimika kukandamiza kwa nguvu, na hapo ndipo kisu kinapoteleza na kuingia kidoleni. Hasara basi si ya fedha peke yake. Kisu kivivu huumiza watu zaidi ya kile kikali, kwa kuwa humlazimisha mtumiaji kutia nguvu nyingi ambazo hawezi kuzizuia pindi bapa linapohama.

Lawama za wanunuzi hufanana mno, wawe wanaishi Maskati, Birmingham, Minneapolis au Mombasa. Makali yameondoka upesi. Ncha imekatika. Madoa ya kutu yametokea juu ya chuma kilichosemwa hakishiki kutu. Mpini unatikisika. Aghalabu lawama huelekezwa kwa nchi kilikotoka kisu, na hilo, kwa maoni yetu, husaidia kidogo sana katika kuelewa tatizo lenyewe.

Malalamiko haya si mapya. Yalisikika katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwani ndani yake mna nusu ya maelezo tunayoyatafuta. Sheffield ulikuwa mji wa wafua visu tangu karne za kati. Chama chao, Company of Cutlers in Hallamshire, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 ili kusimamia ufundi huo na ubora wake. Visu vyao vilikuwa vikali sana, lakini vilishika kutu na kugeuka vyeusi kila vilipogusa ndimu au siki, hivyo ikabidi visuguliwe kila baada ya mlo.

Mwaka 1912 mtaalamu mmoja wa vyuma mjini humo, Harry Brearley, alitakiwa kuchunguza namna mitutu ya bunduki inavyolika kwa ndani. Mwezi Agosti mwaka 1913 alipata mchanganyiko wenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, akagundua kwamba tindikali alizozoea kuzitumia katika maabara zilikuwa hazikidhuru chuma hicho ipasavyo. Wataalamu wa Ujerumani na Marekani nao walikuwa wakifuata njia iyo hiyo katika miaka hiyo. Lakini Brearley alikuwa mtoto wa mji wa visu, na fikra zake zikaenda moja kwa moja kwenye meza ya chakula.

Aliwapelekea wafua visu vipande vya chuma chake wavijaribu. Majibu yalimkatisha tamaa: chuma hiki ni kigumu kukifanyia kazi, na visu vinavyotokana nacho havikati. Watu wakawa wanamtania kuwa yeye ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata. Tatizo ni kwamba mafundi walikitia moto kwa kiasi kile kile walichokizoea kwa chuma cha baba zao, ilhali chuma kipya kilidai joto kubwa zaidi. Mwaka 1914 Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha R. F. Mosley, alikijaribu zaidi ya mara moja hadi akalipata joto lifaalo. Ndiye pia aliyependekeza jina la Kiingereza linalotumika hadi leo, lenye maana ya chuma kisichoshika madoa.

Kwa hiyo chuma kilikuwa kile kile, na mikononi mwa fundi mmoja kikawa takataka na mikononi mwa mwingine kikawa kisu.

Tueleze basi kinachotokea motoni. Chuma cha pua, au feleji kama wanavyoita watu wa pwani, ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni hukipa uwezo wa kuwa kigumu. Kromi hukikinga na kutu. Lakini ugumu hauji wenyewe. Bapa la chuma kisichoshika kutu hutiwa moto hadi kufikia nyuzi joto 1,000 za Selsiasi au zaidi, kisha hupozwa kwa ghafla. Hapo huwa gumu lakini lenye kuvunjika kama kioo. Ndipo hurudishwa kwenye joto dogo, nyuzi mia mbili hivi, ili lipate ustahimilivu. Kiwanda kinachoharakisha kazi hii, au kinachotumia chuma chenye kaboni haba, hutoa kisu kinachong'aa sawasawa na kingine chochote. Jicho la mnunuzi halina namna ya kuitambua tofauti.

Wahandisi huipima tofauti hiyo kwa kipimo kiitwacho Rockwell C, ambapo ncha ya almasi hukandamizwa juu ya chuma na kina cha shimo husomwa kama namba. Visu vya bei nafuu aghalabu huwa chini kidogo ya 55. Visu vingi vya jikoni vya Ujerumani huwa karibu na 56. Vile vya Japani mara nyingi hufikia 60 na kupindukia. Namba nne zaonekana ndogo kwenye karatasi. Jikoni ni tofauti kati ya kisu kinachodai kunolewa kila baada ya siku chache na kile kinachosubiri kwa majuma.

Je, namba kubwa ndiyo bora siku zote? La hasha, na hapa ndipo wanapovunjika moyo hata wale waliolipa fedha nyingi. Kisu kigumu cha Kijapani, chenye makali membamba yaliyochongwa kwa pembe ya nyuzi 15 hivi kila upande, hukata samaki na mboga kwa namna ya kupendeza. Mpe mtu aliyezoea kukata mifupa ya mbuzi, kupasua nyama iliyoganda kutoka kwenye jokofu, au kugonga nazi kwa mgongo wa kisu, na jioni ile ile makali yatakuwa na mapengo. Mwenyewe atasema ameuziwa kisu kibovu. Kisu kilikuwa kizuri, ila kilitengenezwa kwa ajili ya jiko la watu wasiokata mifupa kwa kisu hicho. Kwa kazi kama hizo chuma laini kiasi, kinachopinda badala ya kumeguka, hufaa zaidi, na shoka dogo la nyama hufaa kuliko vyote.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ni unene. Makali ni mstari mwembamba tu. Kinachofuata nyuma yake ndicho kinachopita ndani ya chakula. Kisu chenye bapa nene kinaweza kunyoa nywele za mkono na bado kikakwama katikati ya kiazi, kikakipasua kama kabari ipasuavyo gogo. Wapishi wa muhogo na boga wanalifahamu hilo bila ya kuambiwa. Kisu kizito humpendeza mnunuzi dukani kwa kuwa uzito hudhaniwa kuwa ni uimara, na wengi hununua hasa kwa sababu hiyo.

Tuje sasa kwenye majina yaliyochongwa. Jina la Solingen, mji wa Ujerumani ulio mashuhuri kwa visu, limelindwa kwa sheria tangu mwaka 1938, na kanuni ya mwaka 1994 inataka hatua zote muhimu za utengenezaji zifanyike katika eneo la viwanda la mji huo. Lakini maneno "chuma cha Kijerumani" hayana maana hiyo. Yanasema tu kuhusu malighafi, na kisu chenyewe chaweza kutengenezwa popote pale. "Chuma cha upasuaji" ni maneno yanayovutia, ila hayataji aina yoyote maalumu ya chuma. Alama yenye manufaa ni ile inayoonekana kama fumbo, kwa mfano X50CrMoV15: kaboni takriban nusu ya asilimia, na kromi karibu asilimia 15. Anayeuza chuma kizuri kwa kawaida haoni haya kukitaja kwa jina lake.

Udanganyifu mkubwa zaidi uko kwenye michoro ya Dameski. Panga za zamani zilizopewa jina hilo zilifuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa ndani ya vyungu nchini India na Sri Lanka, na mawimbi yaliyoonekana juu ya bapa yalitoka ndani ya chuma chenyewe. Pwani yetu nayo haikuwa mbali na biashara ya vyuma ya Bahari ya Hindi: Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, alitaja chuma cha Sofala, katika Msumbiji ya leo, kuwa kilinunuliwa na kupelekwa India. Siku hizi wapo mafundi hodari wanaofua matabaka ya vyuma viwili hadi yakatoa mawimbi. Wapo pia wanaochapa mawimbi hayo kwa leza au tindikali juu ya chuma cha kawaida, kisha wakaomba bei ya fundi. Tazama mgongo wa kisu: pale ambapo bapa lote limefuliwa kwa matabaka, mistari huendelea hadi mgongoni, ilhali mchoro uliochapwa hukoma pembeni kama ua la kitambaa. Na hata mawimbi ya kweli huongeza uzuri. Makali hutegemea chuma kilicho ukingoni.

Wasikilizaji wetu walioko Oman wana mfano wa namna yake. Jambia la nchi hiyo, ambalo ufundi na mila zake ziliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, huthaminiwa kwa fedha iliyonakshiwa na kwa mpini wake. Mgeni anayelichomoa kutoka kwenye ala sokoni na kuulalamikia ubapa wake hajaelewa alichokinunua. Likivaliwa kiunoni siku ya harusi, hakuna anayelidai likate kitunguu.

Kuhusu mpini, tutasema machache. Dai la kutaka kujua msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, unafika wapi. Msuka mfupi uliogundishwa kwa gundi ndani ya mpini wa plastiki hulegea kwa joto na maji, na kisu kizuri huishia kutupwa kwa ajili hiyo.

Ni haki pia kusema kwamba visu vingi huharibiwa nyumbani. Kibao cha kukatia cha kioo au cha marumaru huua makali kwa siku moja; mti na plastiki huyasamehe. Mashine ya kuosha vyombo hukigonganisha kisu na vyombo vingine, na chumvi na dawa zake huweza kuleta madoa ya kutu hata kwenye chuma chenye kromi. Visu vya kauri havishiki kutu kabisa na hukaa vikali kwa muda mrefu, lakini vikianguka sakafuni huvunjika, na kinoo cha kawaida hakivinoi, huhitaji almasi. Na ile fimbo ya chuma wanayoitumia wauza nyama huyanyoosha makali yaliyopinda. Yakishalika, dawa yake ni kinoo na maji.

Kwa walioko Uingereza, sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kupewa fedha zake zote. Mpini unaotikisika, bapa lililopinda au mawimbi yaliyodaiwa kufuliwa kumbe yamechapwa ni hoja zenye nguvu mbele ya muuzaji. Makali yaliyokwisha baada ya mwezi wa kukatia juu ya kioo si hoja. Ndiyo maana inafaa kisu kipya kijaribiwe juma lile lile la kwanza, risiti ikiwa bado ipo: nyanya iliyoiva, kibao cha mti, na kisu kivutwe taratibu juu ya ganda kwa uzito wake chenyewe, bila ya mkono kukandamiza.