Maji-moto na Nyumba Zao za Majani

Wenye minazi wa pwani wawajua maji-moto, sisimizi wekundu washonao majani kuwa nyumba na kumfukuza mdudu aharibuye nazi changa. Atakaye kuwatazama kwa karibu na apande mlimau katika debe, alisimamishe ndani ya karai la maji, matawi yasiguse kitu, kisha awape maji ya sukari na panzi. Lakini kundi moja lina viota vingi na malkia mmoja tu. Asipopatikana, kundi hupungua mpaka kwisha.

Ushonaji wenyewe ni wa ajabu. Wengine hushikana viuno wakivuta majani; wengine huwabeba watoto midomoni na kuwagusisha ukingoni, maana uzi hutoka kwa watoto, si kwa wakubwa. Naye mtoto habakiwi na uzi wa kujifunika.