Hori za Kisiwa cha Idjwi

Mtoto wa Ntoto hujua mto kabla ya kujua ziwa. Kwao maji hayatulii. Hushuka milimani, hupita mabondeni, huingia msituni, huungana na mto Lowa, na Lowa huyapeleka mpaka Lualaba. Lakini mtoto huyo akisafiri upande wa mashariki, akapita Masisi na kushuka mpaka Sake, ataona maji ya namna nyingine: maji mapana, yanayokaa kama yamelala. Hilo ni Ziwa Kivu. Na katikati ya ziwa hilo, kusini ya Goma, kuna nchi nzima iliyozungukwa na maji. Ni kisiwa cha Idjwi.

Idjwi si kisiwa kidogo. Urefu wake ni karibu kilometa 40, na eneo lake ni karibu kilometa za mraba 300. Katika visiwa vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, kinachokipita kwa ukubwa ni Ukerewe, katika Ziwa Victoria, nchi ya Tanzania. Mgongo wa Idjwi ni mlima, na kilele chake kinapita meta 2,000. Wenyeji wengi ni Wahavu. Wako pia Wambuti. Upande wa kaskazini ni usultani wa Rubenga, na upande wa kusini ni usultani wa Ntambuka. Watu hulima ndizi, mihogo, maharagwe, kahawa na mananasi matamu sana. Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Mwaka 1910 wafalme wa Ulaya walipogawana mipaka, Idjwi ilihesabiwa upande wa Kongo. Lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kulima na kuvua huko zamani sana kabla ya ramani hizo.

Itazameni ramani ya Idjwi. Ukingo wake haukunyoka hata kidogo. Umemegwa-megwa kama jani lililoliwa na viwavi. Mahali fulani nchi huingia majini kama kidole: hapo huitwa rasi. Mahali pengine maji huingia nchi kavu, yakakaa kati ya vilima viwili: hapo huitwa hori. Mtu akikizunguka kisiwa kwa mtumbwi, hupita rasi, huona hori. Hupita rasi nyingine, huona hori nyingine, tangu asubuhi mpaka jioni.

Je, nani aliyezichimba hori hizo? Si mtu, wala si mawimbi ya ziwa. Zilichimbwa na mito midogo, kama ile ya Ntoto.

Mtoto anaweza kuyajua mambo haya kwa mkono wake mwenyewe. Atafute tope laini kando ya kijito, alifinyange liwe kilima, kisha achore kwa kidole mabonde yanayoshuka pande zote. Aweke kilima hicho katika karai, amimine maji polepole. Kwanza maji hukaa chini. Kisha hupanda, huingia katika kila bonde. Mabonde yamekuwa hori. Migongo iliyo kati ya mabonde imekuwa rasi. Na kilima chenyewe kimekuwa kisiwa.

Ndivyo ilivyokuwa Kivu. Zamani sana, maelfu mengi ya miaka iliyopita, maji ya nchi hii yalitoka kwa upande wa kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Ndipo volkano za Virunga zilipoinuka na kumwaga mawe ya moto, zikaiziba njia, kama mtu azibavyo kijito ili afanye bwawa la samaki. Maji yalikosa mlango. Yakapanda mwaka kwa mwaka, yakafunika mabonde, yakapanda tena, mpaka yakapata mlango mpya kusini, mahali ulipo mji wa Bukavu leo. Hapo ndipo unapotoka mto Ruzizi. Leo uso wa ziwa uko meta 1,460 hivi juu ya bahari, na mahali penye kina kirefu kabisa pana karibu meta 485. Idjwi yenyewe si volkano. Ni mlima wa mwamba wa kale uliobaki na kichwa nje ya maji.

Mambo kama hayo yametokea mbali pia. Katika Bahari ya Mediteranea kuna kisiwa cha Mallorca, nchi ya Hispania. Wageni wengi huenda huko wakati wa mapumziko ili kuogelea katika hori zake nzuri. Hizo nazo zilikuwa mabonde ya mito. Barafu nyingi iliyofunika nchi za kaskazini iliyeyuka, bahari ikapanda zaidi ya meta 100, ikaingia mabondeni. Kule bahari ilipanda kwa sababu ya barafu. Huku ziwa lilipanda kwa sababu ya moto.

Lakini si kila hori ilizaliwa hivyo. Karibu na Goma kuna kisiwa kidogo, Tshegera, chenye umbo la mwezi mchanga. Hicho ni mdomo wa volkano ndogo. Upande mmoja umebomoka, maji yakaingia ndani. Basi, mwenye kupita ukingoni akiwa na akili hutazama mawe kwanza: mawe huonyesha jinsi mahali palivyozaliwa.

Ndani ya hori kuna maisha mengi. Upepo haufiki kwa nguvu, kwa sababu rasi huukinga. Ndiyo maana watu hufunga mitumbwi hapo, hufua nguo na kuuza ndizi. Ndege aitwaye mdiria husimama hewani akipiga mabawa, kisha huanguka majini kama jiwe na kutoka na samaki mdomoni. Mamba hawamo katika Ziwa Kivu.

Jioni wavuvi hutoka. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, hutandaza wavu, huwasha taa. Wakivuta makasia huimba, ili mikono yao iende pamoja. Wanatafuta sambaza, samaki wadogo kama kidole. Sambaza hawakuwamo zamani: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959. Usiku hupanda juu kuvifuata vidudu wanavyokula, na taa huwavuta. Lakini wangali watoto hukaa kando, katika maji ya hori. Kwa hiyo mtu anayevua horini kwa chandarua cha mbu hujaza ndoo moja leo, na kuwanyima watu wote samaki wa kesho. Ni kama kula mbegu kabla ya kupanda.

Maji matulivu yana hatari zake. Mahali pengi kilima huendelea kushuka chini ya maji kwa ghafula: hatua moja maji ni ya magoti, hatua ya pili miguu haigusi kitu. Tena upepo wa ziwa huinuka upesi. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Njia ya gari ilikuwa imefungwa kwa vita, na watu walikuwa wakisafiri kwa maji. Chombo kilijaa kupita kiasi. Waliokuwa wakingoja ndugu zao nchi kavu walikiona kikipinduka kwa macho yao, na makumi ya watu walikufa. Vivyo hivyo, miaka mingi wakulima wa Idjwi walikosa bei nzuri ya kahawa, wakaivusha usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda kwa siri. Hori iliyowaaga jioni haikuwapokea wote asubuhi. Siku hizi wakulima wengine wameanzisha vyama vya ushirika, ili waioshe na kuiuza kahawa yao pamoja.

Hatari nyingine haionekani. Chini kabisa ya ziwa kuna gesi nyingi zilizoyeyuka majini, kama gesi ya limonadi ndani ya chupa iliyofungwa. Uzito wa maji ya juu ndio kifuniko. Gesi moja huweza kuwaka, na Rwanda huitoa kwa mitambo ili kufanya umeme. Nyingine haiwaki, nayo huzima pumzi. Gesi hii hutoka pia katika nyufa za ardhi kando ya ziwa, kati ya Goma na Sake. Watu huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, basi hukaa katika mashimo na vibonde kama maji yasiyoonekana. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akiingia kula majani huanguka. Mtoto akimfuata ili amtoe, huanguka naye. Ndiyo sababu mwenye busara akiona ndege au mnyama amekufa kibondeni bila jeraha, haingii, hata kama mbuzi ni wake. Hurudi juu upesi na kuita watu wakubwa.

Basi, mwenye kutaka kuijua nchi ya ziwa aende na mwenyeji, achague mtumbwi usiojaa, avae koti la kuelea, na arudi kabla ya upepo.

Na maji ya Idjwi huenda wapi? Hutoka kwa Ruzizi, huingia Ziwa Tanganyika, hutoka tena kwa mto Lukuga, hufika Lualaba. Mbele zaidi, Lualaba hupokea mto unaotoka msituni upande wa mashariki. Mto huo ni Lowa. Basi maji yaliyopita katika hori za Idjwi, na maji yaliyopita chini ya daraja la miti huko Ntoto, hukutana mwisho katika mto mmoja, na pamoja huenda baharini.

MAULIZO

1. Hori ni nini? Rasi ni nini?
2. Kwa nini maji ya Kivu yalipanda zamani?
3. Kwa nini ni vibaya kuvua horini kwa chandarua cha mbu?
4. Mazuku hukaa mahali gani, na kwa sababu gani?
5. Mbuzi wako ameanguka kibondeni kando ya ziwa. Utafanya nini?
6. Chora njia ya maji kutoka Ntoto mpaka Lualaba, na njia ya maji kutoka Idjwi mpaka Lualaba.