Nyumba ni ya Wakaao Ndani: Makosa ya Upambaji Yanayotunyima Nafasi, Sitara na Hewa

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (SW) anatukumbusha kuwa miongoni mwa neema Zake ni kutujaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Neno maskani tulitumialo Waswahili lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lililomo katika aya hiyo. Kwa hiyo nyumba isiyowatuliza wakaao ndani yake, hata ikiwa na marumaru zinazong'aa na dari la jipsamu lenye taa za rangi, ina upungufu katika jambo lile lile ambalo kwalo huitwa maskani.

Tumeona tulizungumze suala hili tukiwalenga zaidi ndugu zetu wa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Hapo zilijengwa nyumba za mfuko wa pensheni wa PPF, mfuko ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mingine ikazaliwa PSSSF, na hadi leo watu hupaita Kiseke PPF. Pembezoni mwake nyumba za watu binafsi zimeendelea kuongezeka, na wako wengi wanaohamia kabla nyumba haijaisha ili kuepuka kodi ya pango, kisha wakamalizia chumba kimoja kimoja kadiri riziki inavyopatikana. Hilo si aibu. Linalotusikitisha ni kwamba aghalabu chumba kinachotangulia kumalizwa ni sebule, ilhali vyumba vya watoto hubaki na sakafu ya zege na madirisha yasiyo na wavu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo makosa mengi ya upambaji yanapoanzia: nyumba hupambwa kwa ajili ya macho ya mgeni wa saa moja, badala ya kupangwa kwa ajili ya familia inayolala na kuamka humo kila siku.

Pima kabla ya kununua

Tuchukue mfano wa sebule ya mita 4 kwa 4, yaani mita za mraba 16. Makochi ya kona yenye upande mmoja wa mita 3 na mwingine wa mita 2.5, na kina cha sentimita 90, hula zaidi ya mita 4 za mraba. Ongeza meza ya kioo ya mita 1.2 kwa sentimita 60, na kabati la televisheni la mita 2 kwa nusu mita. Jumla inakaribia mita 6 za mraba, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya sebule, tena kabla ya kuhesabu njia ya kupita na mahali mlango unapofungukia.

Sasa tuifikirie familia ya baba, mama, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wakitaka kuswali Isha kwa jamaa nyumbani, baba atasimama kuwa imamu, mwanawe kuliani kwake, na mama na mabinti nyuma yao. Kila safu huhitaji yapata mita 1.2 kwenda nyuma, nao watatu wa safu ya pili huhitaji upana wa mita 2 hivi. Hizo ni takriban mita 5 za mraba zilizo wazi na zinazoelekea kibla. Kama katikati ya sebule pana meza nzito ya kioo, kila mmoja atajitafutia pembe yake ya kuswalia, na taratibu jamaa ya nyumbani itasahaulika. Hakuna aliyekusudia kuiondoa. Imeondolewa na samani.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla hujaenda kwa seremala, chukua futi na chaki, uchore sakafuni umbo la kila samani unayoitamani, kisha tembea kati ya michoro hiyo. Acha njia ya sentimita 75 hadi 90, na pima pia upana wa mlango, kwani wako walionunua makochi yakakwama mlangoni. Anza kwa kutenga nafasi ya swala. Kwa mkazi wa Mwanza, kibla iko kaskazini, ikielekea mashariki kwa yapata nyuzi 15. Ukuta wa upande huo ni vema usiwe ndio wa televisheni. Badala ya meza moja nzito, meza ndogo mbili zinazobebeka hukidhi haja ya chai ya wageni, na huondolewa mara moja adhana inapoingia.

Sitara ya mchana na ya usiku

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mgeni aliweza kupokewa kwenye daka pale mlangoni, na njia ya kuingilia ilipinda ili apitaye nje asiyaone ya uani. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, lakini ufinyu huo haukuwazuia kuitenga sehemu ya familia na ya wageni. Hata pambo lao mashuhuri, zile zidaka za kuwekea vyombo, liliingia ndani ya ukuta na halikula sakafu.

Nyumba zetu nyingi za leo mlango wa mbele hufungukia sebuleni moja kwa moja, na aliyeketi sebuleni huiona korido yote ya vyumba. Mama akitoka kuoga hana pa kupitia mpaka mgeni aage. Hapa panahitajika pazia zito mdomoni mwa korido, au rafu ya mbao ya kukinga macho. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, geuza makochi ili mgeni aipe korido mgongo. Surat An-Nur, aya ya 27, inatufunza kubisha hodi na kutoa salamu, na aya ya 58 inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani huomba idhini: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Adabu hiyo ni rahisi zaidi kuifundisha pale chumba cha wazazi kinapokuwa na mlango unaofungika.

Kosa jingine ni kutegemea vioo vya giza madirishani. Mchana kioo hicho husitiri, kwa kuwa mwanga wa nje ni mkali kuliko wa ndani. Usiku taa zikiwashwa mambo hugeuka, na apitaye barabarani huona ndani ilhali mwenye nyumba haoni nje. Tunamshauri kila baba atoke nje usiku mmoja, taa zote zikiwa zinawaka, aitazame nyumba yake kama mpita njia. Huenda akayaweka mapazia mazito mbele ya ununuzi mwingine wote.

Hewa na malazi

Mwenyezi Mungu amewaneemesha watu wa Mwanza kwa upepo wa ziwa, unaovuma kuelekea nchi kavu mchana na kurejea ziwani usiku. Upepo huo hauna faida iwapo kabati la nguo limesimamishwa mbele ya dirisha. Madirisha ya alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu. Ukiiziba nusu hiyo, chumba hakina hewa. Aidha, Kanda ya Ziwa ni eneo la malaria, hivyo kitanda hupangwa kwa kutazama kwanza chandarua kitaning'inia wapi. Taa kali za nje nazo huwavuta wadudu wa ziwani, na huingia ndani mlango ukiachwa wazi.

Ama kuhusu watoto, imepokewa katika Sunan Abu Dawud kuwa Mtume (SAW) aliagiza waamrishwe swala wafikapo miaka 7, na wafikapo 10 watenganishwe katika malazi. Mzazi mwenye watoto wanaokaribia umri huo anadaiwa vitanda kabla ya makochi. Ikiwa chumba cha watoto ni kimoja, vijana wa kiume wanaweza kulala sebuleni juu ya godoro linalohifadhiwa mchana, na hilo nalo linahitaji sebule isiyosongamana.

Pambo bila israfu

Uislamu haukukataza uzuri. Unachokataza ni israfu, kama inavyobainika katika Surat Al-A'raf, aya ya 31. Katika Sahih Muslim Mtume (SAW) ametaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, akalinasibisha la nne na shetani. Imepokewa pia kuwa alichukizwa na pazia la Bibi Aisha (RA) lililokuwa na picha, naye Bibi Aisha hakulitupa, bali alilikata akalifanya mito. Mama wa nyumba anajifunza hapo kuwa kilichopo huweza kutengenezwa upya. Mkeka wa ukindu, mito safi na rangi nyeupe inayoakisi mwanga huipendezesha sebule kwa gharama ndogo kuliko makochi ya mkopo, achilia mbali mkopo wenye riba.

Nasaha yetu kwa familia inayohamia nyumba mpya ni kutumia fedha kwa utaratibu huu: wavu wa madirisha na vyandarua, milango ya vyumba, malazi ya watoto, mapazia ya usiku, nafasi ya swala, kisha ndipo makochi na mapambo. Mgeni ana haki yake ya kukirimiwa, lakini kinachomkirimu ni uso mkunjufu, mahali safi pa kuketi na chakula kilichopatikana. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe maskani ya utulivu, swala na sitara. Amin.